Mama Sanduku

Jina hilo alipewa na wanafunzi, na kama ilivyo kawaida ya wanafunzi, hawakumuuliza kama analipenda. Alikuwa mwangalizi wa seva ya chuo chetu, ile kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba chake chenye baridi nyuma ya maktaba. Kila mwaka, walipoingia wanafunzi wapya wa kuandika programu, somo lake la kwanza lilikuwa sanduku. Alisimama mbele yao na sweta lake la kijivu, hata kwenye joto la kutoa watu jasho mgongoni, kwa sababu kutwa alikuwa anatoka baridini na kurudi baridini.

"Programu unayoniletea mimi siijui," aliwaambia. "Inaweza kuwa ya kujumlisha namba, inaweza kuwa ya kuniibia. Nikiiendesha tu hivihivi, ni sawa na kukukaribisha wewe sebuleni kwangu, nikakupa funguo za vyumba vyote, kisha nikaenda sokoni. Kwa hiyo sebuleni haingii. Inaingia sandukuni."

Sanduku lenyewe lilikuwa kazi ya mikono yake. Kila programu iliyotumwa isahihishwe na mashine iliendeshwa humo peke yake, ndani ya uzio usio na dirisha. Haikuona faili za chuo, haikuweza kutoka kwenda kwenye mtandao, na ikikaa kupita muda wake inazimwa. Ikimaliza, sanduku linavunjwa na ijayo inajengewa jipya. Mchekeshaji mmoja aliwahi kuuliza, "Hata programu ya mtu anayesali sana, mwalimu?"

"Hasa huyo," akajibu, na darasa likaangua kicheko.

Mimi nafundisha lugha na uandishi katika chuo hichohicho. Tuliwekwa ofisi moja kwa sababu ya uhaba wa vyumba, tukawa marafiki kwa sababu wote wawili tuna mdomo. Tofauti yetu ni kwamba mimi hasira yangu iko juujuu kama povu, na nasema mapema ili anayesoma asitafute upole humu. Yeye alikuwa mtulivu, mwenye kufunika vitu. Kikombe chake cha chai alikifunika kwa kisahani hata kama ananyanyuka tu kufungua dirisha. Droo alizifunga kwa ufunguo, kisha akazivuta kuhakikisha. Na aliandika kila kitu. Jikoni kwake kopo la sukari limeandikwa sukari, la chumvi limeandikwa chumvi, na chini yake siku liliponunuliwa. Nilimtania kwamba siku akiolewa tena atambandika bwana karatasi kifuani.

"Nitaandika na siku ya kuharibika," alisema.

Hakuolewa tena. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, na baada ya wazazi wao kufariki alimlea kama mwanawe. Habari hii ni ya hao wawili, na ya mwanamume mmoja aliyeingia kati yao akipitia mlango ambao dada mtu aliufungua kwa mkono wake.

Mwanamume huyo alikuwa mwanafunzi wake. Si mwanafunzi hivihivi, alikuwa kinara. Aliandika programu fupi na safi, na kila moja aliianza kwa mstari mmoja wa maelezo ya kinachofanyika, kama Mama Sanduku alivyowafundisha wote na kama wote walivyosahau. Alipomaliza masomo akabaki miaka kadhaa kuwa msaidizi wake pale kwenye chumba cha baridi. Akawa anakuja nyumbani kula. Akamwona mdogo mtu. Sote tulifurahi, na mimi nilishona gauni jipya la harusi ile, tena la gharama. Alikuwa na sauti ya chini na tabasamu la karibu, mtu wa kumsifia hata mwenye kumkanyaga.

Mdogo mtu alirudi kwa dada yake na taya limefungwa bandeji na mtoto mgongoni. Hakusema mengi, maana kusema kulimuuma. Ilibidi tumpate mahali ambapo mumewe hatapafikiria. Kwa dada mtu ndiko angefikia kwanza, na kweli alifika huko mara nyingi, akabisha hodi kwa adabu, akaondoka kwa adabu. Kwa hiyo nikamtafutia chumba kwenye nyumba ninayopanga mimi, mstari mmoja wa vyumba unaotazama ua, mlango wa pili kutoka kwangu. Wapangaji wakamwita Mgeni, na jina likamkaa. Mtoto alikuwa mdogo kwa umri wake, tukamwita Kidosho. Mama mwenye nyumba aliambiwa ukweli wote, na fundi wa kuchomelea anayekaa chumba cha karibu na geti aliambiwa nusu, akatosheka nayo. Mgeni alipata kazi ya kukunja nguo kwenye duka la dobi mtaa wa nyuma. Alipoanza kucheka tena alicheka akiwa amejishika shavu.

Basi kulikuwa na jambo moja tu la kulinda, nalo ni mlango ule wa pili kutoka kwangu. Dada mtu alipokuja kuwatembelea alizunguka mitaa mitatu kwanza.

Kidosho alikuwa na pumu. Vumbi la ua lilimkaba kifua, na pampu yake ya bluu, ile ya kuvuta kwa mdomo, ilianza kushindwa. Dawa hakuna, na kliniki ya nje ilikuwa inawarudisha. Chuo chetu kina kliniki yake, na mfanyakazi anaruhusiwa kumtibu ndugu anayemtegemea, mradi awe ameandikishwa pamoja na mahali anapoishi. Mama Sanduku akaenda kumwandikisha. Nesi alimwambia angeweza kuweka anwani yake mwenyewe. Akasema hapana, mtoto akizidiwa gari la wagonjwa litakwenda wapi, litakwenda nyumba ambayo mtoto hayupo? Akaandika mtaa, nyumba, na mlango. Nilipomwuliza kama haogopi, alinitazama kama nimemuuliza kama anajua kufunga kamba za viatu.

"Mafaili ya kliniki yako kwenye seva yangu tangu kompyuta yao ife," akasema. "Mahali salama kuliko hapo mimi sipajui."

Na nilimwamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Daktari wa kliniki akambadilishia Kidosho dawa, akampa pampu ya zambarau, na kifua kikaanza kufunguka.

Sasa nieleze desturi ya chuo chetu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kuvunja kitu. Wiki za mtihani wa programu, Makamu wa mkuu wa chuo huweka skrini kubwa ukumbini. Wanafunzi wanatuma majibu, mashine inasahihisha papo hapo, na alama zinapanda kwenye skrini mbele ya wazazi na wageni waalikwa waliokaa kwenye viti vya kitambaa. Makamu anapenda tamasha hilo kuliko mtihani wenyewe. Lakini sanduku lilikuwa na uzito wake. Kujenga na kubomoa uzio kwa kila programu kulichukua muda, na wanafunzi wote wakituma kwa pamoja alama zilipanda kwa kuchechemea. Wageni wakapiga miayo. Ndipo ikazaliwa desturi kwamba wiki hizo sanduku linaondolewa, programu zinaendeshwa moja kwa moja kwenye seva, kisha mitihani ikiisha linarudishwa.

Mama Sanduku hakuipenda desturi hiyo hata siku moja, ila alikuwa na njia yake ya kuivumilia. Wiki hizo alifunga kila mlango wa nje. Ukurasa wetu wa mazoezi, ule ambao mtu yeyote popote alipo anaweza kuandika mistari michache, akabonyeza na kuona mashine inajibu nini, ulizimwa kabisa. Walioweza kutuma ni wanafunzi waliokaa ukumbini wakionekana kwa macho. Na mtu aliyemsaidia kuondoa sanduku miaka ile, akiwa amekaa kiti cha pembeni yake, alikuwa yule yule shemeji.

Mwaka huu Makamu alikuwa ametangaza chuo kila kona. *Andika programu yako ya kwanza leo*, mabango yalisema, na chini yake anwani ya ukurasa wa mazoezi. Mama Sanduku akaenda ofisini kwake, nami nikaenda naye kwa kisingizio cha karatasi zangu.

"Mzee, tuchague moja," akasema. "Tukitaka skrini iende mbio, ukurasa wa nje ufungwe. Ukurasa ukibaki wazi, sanduku libaki."

"Mama, watu wameona matangazo. Wafike wakute pamefungwa?"

"Watasubiri wiki mbili."

"Na wanaotuma humo ni vijana wanajifunza kuandika jina lao. Wewe kila mtu kwako ni mwizi."

"Sijasema ni wezi. Nimesema siwajui. Programu ya mtu ikishaingia bila uzio inafanya kazi kwa mikono ya seva yenyewe. Chochote seva inachoweza kusoma, na programu hiyo itasoma. Alama, mishahara, kliniki."

Makamu akavua miwani akaifuta. Ni mtu asiyepaza sauti, na huo ndio ubaya wake. Akasema anamheshimu sana, hakuna kama yeye, chuo kinamtegemea, akamvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfika machoni. Kisha akasema kuna kampuni imeomba kuchukua kazi ya seva yote, na yeye hangependa ifike huko.

Nilimwona Mama Sanduku akipiga hesabu. Akiondoka yeye, haki ya kliniki inaondoka naye, na pampu ya zambarau inaondoka na kliniki. Aliomba angalau mafaili ya kliniki yatolewe kwenye seva kwa wiki hizo. Nesi akasema wagonjwa wanakuja kila siku, atawasomea wapi? Akaandika barua ya kupinga, bila shaka aliandika, ikapokelewa na kuwekwa mahali barua za namna hiyo huwekwa. Halafu akaenda kuondoa sanduku. Aliporudi ofisini chai yake ilikuwa imefunikwa vizuri na imepoa, akainywa hivyohivyo.

Jumamosi ya katikati ya mitihani nilikuwa nafua uani. Geti liliguswa taratibu, akaingia mwanamume aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa, na mfuko mdogo wa plastiki mkononi. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Hakuangaza huku na huku kama mtu anayetafuta. Alipita mlango wa fundi, akapita wangu, akafika mlango wa pili akaketi kizingitini kwake.

"Habari za asubuhi, mwalimu," akasema. "Za siku nyingi?"

"Nzuri," nikasema, nikajitia hamnazo. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Namsubiri mke wangu."

"Hapo hakai mke wa mtu."

Akatabasamu. "Basi nitampa mtoto tu dawa yake halafu niondoke. Ile ya zambarau. Nasikia ya bluu haimsaidii tena."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu nikasahau kuitoa. Pampu ya zambarau ilikuwa imekuja baada ya wao kumkimbia. Waliojua habari zake ni mama wa mtoto, mama yake mkubwa, mimi, na kliniki.

Niliingia chumbani nikafunga mlango nikampigia Mama Sanduku. Alikuwa ukumbini, nasikia makofi nyuma yake. Nikamwambia yuko hapa. Hakuuliza nani. Nikamwambia habari ya dawa.

"Ya zambarau?" akauliza.

"Ya zambarau."

Makofi yakiendelea, akasema kwa sauti ndogo, "Basi imetoka kwangu." Akakata simu.

Nikampigia Mgeni ili asirudi. Simu yake ikaita palepale, upande wa pili wa ukuta, chumbani kwake alikoiacha kwenye chaji. Mumewe aliisikia pia, dirishani nilimwona akigongagonga goti lake kwa kufuata mlio wake. Nikatoka mbio niende kwa dobi nimzuie, nikakutana naye getini, Kidosho kamshika sketi, mwenyewe mkononi ana fungu la mboga.

Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake, akasimama, akaanza kukohoa. Kikohozi kikawa filimbi, filimbi ikawa pumzi isiyofika popote, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Pampu yao ilikuwa chumbani, juu ya kabati, na mbele ya mlango ule ndipo alipokuwa amesimama baba mtu sasa, kaujaza mlango kwa mabega.

"Unaona?" akamwambia mkewe kwa upole. "Nilijua atakohoa. Ndiyo maana nimeleta." Akanyoosha mkono, pampu iko kiganjani.

"Toka mlangoni," Mgeni akasema.

"Chukua tu, mama. Mtoto anaumia."

Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini hilo sitalisahau. Mgeni aliweka mboga chini, akatembea mpaka kwake, akachukua dawa kwenye mkono uliomvunja taya. Alipoichukua, yule bwana hakuiachia mara moja. Aliishikilia kidogo, ili mkewe aivute.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka na upawa, fundi wa kuchomelea ametoka na kimya chake na mabega yake. Mtoto alivuta, akavuta tena, rangi ikarudi. Baba mtu akajikung'uta vumbi la kizingiti kwenye suruali.

"Sikuja kwa ugomvi," akatuambia sote. "Baba kumwona mwanawe si kosa. Mke wangu, siku ya kliniki tutaonana." Akampita fundi, akamwomba radhi kwa kumpita mbele, akafunga geti nyuma yake.

Mama Sanduku alifika amevaa sweta juani, anahema. Akatupeleka kituo cha polisi. Tuliyemkuta zamuni alisikiliza vizuri, mpaka mwisho, kisha akauliza kama leo amempiga. Hajampiga. Ametishia? Amesema tutaonana. Amevunja mlango? Aliketi nje. Akaandika kwamba mume amemletea mwanawe dawa, akatugeuzia karatasi tusaini. Mimi niligoma kusaini, nikasema niliyoyasema, tukaombwa tutoke.

Kutoka hapo tulikwenda chuoni Mama Sanduku na mimi. Chumba cha seva kinavuma kama nyuki waliofungiwa, na baridi yake inaingia kwenye meno. Aliketi akafungua kumbukumbu za mashine, zilizopokea maelfu ya programu kutoka kwenye ule ukurasa wa nje. Vijana kweli walikuwa wameandika majina yao. Wengine walikuwa wamemtukana Makamu, kwa ufundi wa kutosha. Nilidhani tutakesha, lakini hakutafuta kwa muda mrefu. Alisimamisha kidole kwenye kioo.

Ilikuwa programu fupi sana, imenyooka, imepangwa vizuri. Mstari wake wa juu ulikuwa maelezo: *Programu hii inamsalimia mwalimu.* Chini yake ilikuwa inaliendea kabati la kliniki, pale mafaili yake yanapokaa ndani ya seva, bila kupapasa, inasoma faili la ndugu wa wafanyakazi, anwani na dawa zao, inalichapa lote kwenye ukurasa, kama jibu la zoezi. Seva ilikuwa imemjibu bila kinyongo. Ndivyo ilivyoagizwa wiki ile, kumjibu kila mtu haraka.

"Hakuvunja kitu," Mama Sanduku akasema. "Alijua mafaili yanapokaa, na alijua wiki hizi sanduku halipo. Nilimfundisha mimi kuliondoa. Akaona tangazo, akajua mlango wa nje uko wazi. Akabisha, nikamfungulia."

"Makamu ndiye aliyefungua."

"Mkono ulikuwa wangu." Akaigusa ile programu kwenye kioo, ule mstari wa juu. "Na amekumbuka kuandika maelezo. Darasa zima walisahau."

Hakulia pale. Alirudisha sanduku saa hiyohiyo, mtihani ukiwa unaendelea, na huko ukumbini alama zikaanza kuchechemea na wageni wakaanza kutazamana. Simu yake ikaita na kuita. Akafuta anwani ya mtoto, huku akijua kwamba ni sawa na kuosha sahani baada ya mbwa kushiba.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mgeni alikuwa amefunga virago. Begi moja, ndoo moja, na Kidosho amevalishwa viatu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa.

"Unakwenda wapi?" dada mtu akauliza.

"Dada, usiniulize."

"Nitauliza. Mtoto anahitaji dawa, anahitaji kliniki, nani atamfuatilia? Niambie mji tu. Sitamwambia mtu."

"Najua hutamwambia mtu."

"Sasa?"

Mgeni alimshika mikono yote miwili. Walipishana miaka mingi hao, lakini pale mdogo alionekana mkubwa. "Ukijua utaandika, dada," akasema. "Si kwa ubaya. Utaandika ili usisahau, ili gari la wagonjwa lijue njia, ili mambo yawe sawa. Wewe huwezi kukijua kitu bila kukiandika mahali. Na yeye anajua unapoandika."

Nilisubiri Mama Sanduku akatae, kwa sababu kila siku ana jibu. Akasema, "Usiniambie, basi." Kisha akavua lile sweta akamvisha Kidosho, likamfika miguuni, akakunja mikono yake taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka vidole vya mtoto vikatokea.

"Mama mkubwa, linanuka baridi," Kidosho akasema.

"Litaacha," akamjibu.

Fundi alibeba begi mpaka barabarani, akarudi peke yake, na tukamkataza kusema walielekea upande gani. Dada mtu aliketi kwenye kizingiti kile ambacho shemeji yake alikuwa amekalia asubuhi, akalia kwa sauti, na mama mwenye nyumba akamkalia karibu bila kumnyamazisha.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Makamu aliuliza kama kuna kilichofutwa. Hakuna. Kilichobadilishwa? Hakuna. "Basi tumshukuru Mungu, hakuna kilichopotea," akasema, na akaomba jambo hili lisitoke nje ya chumba kile kwa heshima ya chuo. Nikamwambia kilichopotea. Akaniambia nibaki kwenye mambo ya lugha. Nikabaki kwenye mambo ya lugha, nikatumia maneno mawili ambayo sitayaandika hapa, nikapewa onyo la maandishi. Nimelitunza pamoja na vyeti vyangu.

Sanduku halijaondolewa tena. Kampuni ile haikuja, inaonekana ilikuwa ya kutishia watoto. Makamu amenunua viti vizuri zaidi ili wageni wavumilie.

Wiki chache baada ya hapo Mama Sanduku aliingia ofisini na uso ambao sikuuelewa, karibu uwe na nuru. Akafunga mlango. "Amesalimia," akasema.

Kwenye ukurasa wa nje ilikuwa imeingia programu fupi, safi, na mstari wake wa juu ni uleule, inamsalimia mwalimu. Imelitafuta kabati la kliniki. Sanduku limemjibu kwamba hakuna faili la namna hiyo, na likajibomoa. Nilishikwa na hasira, nikasema amzuie, amfungie, awapelekee wale wa kituoni. Alikuwa ameshawapelekea, wakamuuliza hiki ni kitu gani. Na kumzuia hakutaka.

"Fikiria," akaniambia. "Angekuwa amewapata, angenisalimia ya nini?"

Ndipo nikaelewa ile nuru. Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Kila wiki, mara Jumanne, mara Alhamisi, alikuja mezani kwake, akafunika chai yake, akasema bila kunitazama, "Amesalimia," nami nikasema, "Vizuri." Nadhani hakuna watu wengine duniani waliomwombea mtu yule uzima na bidii kama sisi. Hodi yake pale mlangoni ndiyo iliyokuwa barua pekee aliyoipata Mama Sanduku kutoka kwa mdogo wake. Ilimwambia kwamba wapo mahali, na mahali hapo bado hapajulikani.

Muhula huu hajasalimia. Wiki ya kwanza tulisema labda ni mtandao. Ya pili tukasema labda anaumwa, na tukafurahi. Sasa hatusemi kitu. Anaweza kuwa amechoka, watu huchoka. Anaweza kuwa amekufa. Anaweza kuwa ameketi kwenye kizingiti fulani na shati lake jeupe. Mama Sanduku hana wa kumuuliza, maana mwenyewe alikubali asiambiwe.

Leo asubuhi nimemkuta kwenye chumba cha baridi bila sweta, mikono kaikumbatia kifuani, anapitia programu za usiku moja baada ya moja, zile za vijana wanaoandika majina yao. Chai niliyompelekea ameiweka pembeni, wazi, hajaifunika. Nilisimama mlangoni nikasubiri aniambie.

"Bado," akasema.